Betri ya Uncle Shiundu

Niliichoma sauti ya uncle wangu kwenye jiko la makaa.

Usicheke. Ilitokea Kibera mwaka wa 1997, Jumamosi asubuhi, na wakati huo nilikuwa na digrii.

Uncle Shiundu alikuwa fundi wa milango pale kijiji cha Raila, humo humo Kibera. Mtu wa kelele. Akikohoa, plot nzima inajua ameamka.

Kisha saratani ikamshika kooni. Madaktari wakaondoa kikoromeo chote, akabaki na tundu shingoni la kupumulia.

Nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, naishi kwake. Nikawasumbua wafadhili kwa barua hadi akapewa mashine ndogo kama tochi. Unaibonyeza shingoni, inanguruma, mdomo unaumba maneno.

Sauti ikatoka. Lakini sauti gani! Kavu, haipandi wala haishuki, kama nyuki ndani ya mkebe. Watoto wa plot walimwita Redio. Kwa kiosk, Sella mwenye duka alikuwa anammalizia kila sentensi.

"Una—"

"Unga! Sukari pia? Haya, shika."

Alikuwa anataka kuuliza, "Una mishumaa?"

"Watazoea," nilimwambia. Niliamini kabisa.

Tulikuwa na lengo. Binti yake wa pekee, Annet, aliishi Kabiro, kule Kawangware, kwa Mzee Nalianya, kaka mkubwa wa uncle. Wageni wa mahari wangekuja baada ya wiki chache. Kwetu, wageni wakishaketi, baba humwita binti na kumuuliza mbele ya wote kama anawajua. Akiulizwa na mtu mwingine, mambo yataendelea tu, lakini watu watanong'ona: kwani huyu hana baba?

Wiki tatu tulifanya mazoezi ya sentensi moja.

"Annet, hawa watu unawajua."

"Uncle, hapo ni kama unamwambia. Si swali."

Mashine haikuweza kupandisha sauti mwishoni. Tukaongeza "je" mbele, na nikamwambia ainue nyusi. Siku aliyoipata sawasawa alicheka bila sauti, mabega yakitetemeka. Mimi nikalia kama mjinga.

Alhamisi Annet alikuja kumletea koti la kuvaa siku ya wageni. Waliongea ndani, wawili tu, nikiwa nimeenda kuteka maji. Niliporudi, alikuwa ameshaondoka.

"Amesemaje?"

Uncle aliendelea kukunja koti. Mashine ilikuwa mezani. Hakuigusa.

Jumamosi, siku yenyewe ya wageni, asubuhi betri ikawa imelala. Kila mtu Kibera anajua dawa ya betri ya redio iliyochoka: unaianika juani, inapata nguvu kidogo. Lakini siku hiyo kulikuwa na mawingu. Nikaiweka kando ya jiko.

Pap!

Majimaji meusi yakatiririka kwenye makaa.

"Uncle, nimekumaliza!"

Alinishika bega. Akaandika kwenye daftari lake: *Wacha tu. Twende.*

Njiani niliingia maduka matatu pale mtaa wa Satellite. Betri ya aina ile, hakuna.

Kwa Mzee Nalianya sebule ilikuwa imejaa. Annet akaitwa, akasimama katikati na leso yake mpya. Watu wakamgeukia uncle.

"Baba Annet, sema basi, hata kidogo," shangazi Kageha akasema.

Uncle akaweka mashine iliyokufa shingoni. Midomo ikacheza. Niliisoma neno kwa neno: *Je, Annet, hawa watu unawajua?* Nyusi zikainuka mahali pake kabisa.

Mgeni mmoja akakohoa.

Mzee Nalianya akaingilia kwa sauti yake nene. "Annet! Hawa watu unawajua?"

"Nawajua, baba," Annet akajibu, macho kwa Nalianya.

Vigelegele. Uncle akapiga makofi na wengine.

Jumapili mchana nilikuwa nikilianika lile koti nilipohisi kitu mfukoni. Betri mpya. Bado iko kwenye nailoni yake.

Nikamwonyesha. "Uncle, ulikuwa nayo?"

Akachukua daftari. Aliandika kwa muda mrefu, kumbe ni mistari michache tu:

*Annet aliniomba nisiongee mbele ya wageni. Ati wataogopa. Nilinunua hiyo nikidhani atabadilisha mawazo. Nilikuwa sijui nitawaambia watu nini. Ukanipatia sababu.*

Nikaketi kando yake, betri mkononi.

Wiki tatu nilimfundisha uncle kuongea. Sikwenda Kabiro hata siku moja kumfundisha Annet kusikiliza. Sikufikiria kwamba hiyo nayo ni kazi.

Kama kwenu kuna mtu anayeongea kwa mashine, au kwa kigugumizi, au kwa mikono, mngojeni amalize. Hata akichelewa. Hata wageni wakikohoa.