Nyanya Nilizozikalia

Nimekalia viti vya miji mingi, lakini wiki hii, hapa Kolwezi, nimekalia nyanya za watu. Ilikuwa katika ofisi inayonunua chakula cha kantini ya mgodi. Nilichoka kuzungukazunguka nikisubiri karatasi yangu igongwe muhuri, nikaona kitu cha duara kimefunikwa kitenge, nikajitupa hapo na mwili wangu wote huu. Pwaa! Nikaruka, suruali imelowa: lilikuwa beseni la nyanya.

Mwenye beseni, mama anayelima upande wa Mutoshi, hata hakuniangalia. Alikuwa akibishana na mnunuzi, kijana aliyekuwa akigongagonga kalamu mezani.

“Mama, nilikuambia,” alisema kijana. “Tomati ya hapa iko laini. Mu kamyo,” akaelekeza kalamu kwenye lori lililokuwa nje, “inapasuka. Njo maana tunaleta ya ng’ambo ya mpaka.”

Msimu mzima wa familia ya mama huyo ulikuwa unafia kwenye neno hilo, laini. Nami, ambaye kila semina napiga makofi wakisema wakulima wadogo waunganishwe na migodi, nilikuwa nimewaunganisha kwa makalio.

“Unisamehe, mama,” nikasema. “Nimekuharibia.”

Mama akafunua kitenge. Za juu, chache, zilikuwa zimepondeka. Akaingiza mkono chini, akaanza kuzipanga mezani moja moja, nzima, ngumu, hadi kalamu ikanyamaza. Kisha akanyoosha kidole kuelekea tumbo langu.

“Shefu, angalia. Huyu tata amezikalia, na ziko nzima. Mu kamyo yako kuko mutu munene kupita huyu?”