Ukwaju wa Mchana wa Ramadhani

Mwalimu wa biolojia alitaka mate. Zama hizo za Mwingereza maabara yetu ilikuwa na meza nne tu, na siku hiyo wengi tulikuwa tumefunga, midomo imekauka. Kila wawili watoe mate, wayachanganye na uji wa wanga kwenye tyubu tatu: moja na siki, moja na magadi, moja bila kitu. Iodini ingetuonyesha ni wapi kimeng'enya cha mate kimemaliza wanga, na ni wapi kimeshindwa: penye wanga uliobaki ingegeuka buluu.

Mwenzangu wa meza alikuwa mtoto wa ustadhi wetu wa madrasa, mtaani Keko. Usiku ule angesalisha tarawehe kwa mara ya kwanza, na mama yake alikuwa ameshamfulia kanzu. Alijaribu kutema, likatoka tone. Nikageukia ukutani, nikatema mimi badala yake, tele. Wakati wa mapumziko nilikuwa nimejificha nikala ukwaju, na kokwa moja bado lilikuwa shavuni. Njaa ilinishinda, sina la kujitetea. Jina kwenye tyubu lilikuwa lake.

Ile isiyotiwa kitu, kwa wenzetu wote, haikugeuka rangi. Yetu ikawa buluu iliyokoza. Mwalimu akachovya karatasi ya litmasi kwenye mate yaliyobaki, ikawa nyekundu.

"Huyu kala kitu kichachu sasa hivi," alisema, akasoma jina.

Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa Mkristo wa bara, amefurahi kupata mfano wa somo. Darasa likacheka. Mwenzangu akanitazama, akangoja niseme. Mimi nikachukua kitambaa, nikafuta meza iliyokuwa safi.

Habari ilitutangulia Keko. Ustadhi hakumpiga mwanawe wala kumfokea. Aliniita mimi.

"Shikamoo, ustadhi."

"Marahaba. Leo utasalisha wewe, mwanangu. Yule kaniaibisha."

Nilikuwa na nafasi ya pili ya kusema kweli, nayo nikaimeza pamoja na futari. Wanasema siku za mwizi ni arobaini. Wangenikamata siku ile ningeshukuru, maana aibu hii nimezeeka nayo.

Nikasimama mbele, nikasoma. Kila nilipomaliza Alhamdu nilimsikia mwenzangu, safu ya nyuma, akiitikia amina, kwa mdomo ambao mchana kutwa haukuonja kitu.