Tulivyombebea Leokadia Jua

Jumamosi iliyopita nilikuwa naanua nguo uani, nimechoka kiasi kwamba nilizivuta tu kambani bila kutoa vibanio, blanketi la kijivu likaniangukia usoni. Lilikuwa limeshinda juani tangu asubuhi. Harufu ile ya sufu iliyopigwa jua kutwa, kavu, yenye vumbi na moshi kwa mbali, ilinikalisha chini kwenye ngazi ya jikoni. Nikabaki nimelikumbatia. Wajukuu walipita wakanitazama, wakadhani bibi amesinzia, nami sikuwaambia kitu. Ninyi nitawaambia, maana habari yenyewe sijapata kuisimulia yote, na mama hayupo tena wa kuionea haya.

Kijiji chetu cha Ujamaa kilikuwa upande wa Msanzi. Lori lilitushusha hapo mwezi wa saba, mimi nikiwa na miaka minane, pamoja na vyungu vyetu, kuku watatu na mdogo wangu Ponsiano aliyekuwa na miezi minne. Asiyeujua upepo wa Ufipa wa mwezi wa saba siwezi kumweleza akaelewa. Hauna kelele nyingi, lakini unapita kwenye nyasi, kwenye nguo na kwenye ngozi, ukifika mfupani unakaa. Nyumba tuliyoambiwa imejengwa ilikuwa miti na nyasi, haijakandikwa udongo, na mama alishinda na Ponsiano nje mgongoni. Wiki ya pili Ponsiano alibanwa kifua, na siku ya nne baada ya hapo tukamzika. Mama hakulia sana mbele za watu. Kesho yake alikuwa pamoja na wanawake wenzake wakibeba maji ya kukandikia nyumba, ikiwemo yetu, ambayo ilikamilika ndani ya siku tano.

Leokadia alizaliwa mwaka wa pili tangu tuhamie. Tangu siku ya kwanza mama alisema upepo hautamgusa huyu, na akilisema jambo mama huwa hasemi mara mbili. Alimweka chumba cha nyuma kisichokuwa na dirisha, moto ukiwaka wakati wote. Alimwogeshea hukohuko ndani, karibu na mafiga, mlango ukiwa umefungwa. Akatupa amri kwamba mtoto akitolewa nje afunikwe mpaka kichwani. Nilipompeleka shambani kunyonya, nilimbeba mgongoni kwa mbeleko, juu yake blanketi, juu ya blanketi kanga, na watu wakawa wananiuliza kama nimebeba mtoto au gunia la chumvi.

Mimi ndiye niliyekuwa nikimlea asubuhi. Kila alfajiri kipande cha reli kiligongwa, na kila nyumba ilitakiwa itoe mtu wa kwenda shamba la kijiji. Baba alikuwa kwenye kikosi cha kujenga shule, akirudi jioni ana udongo mpaka masikioni. Mama alikwenda shambani kufukia majani kwenye yale matuta yetu ya duara, akitoka hapo anaingia kwenye kishamba chetu cha ulezi, akitoka hapo anatafuta kuni. Sikumbuki kumwona ameketi isipokuwa ananyonyesha, na hata hapo mkono mmoja ulikuwa ukipepeta au ukichambua kitu. Mimi nilisoma zamu ya mchana, kwa hiyo tangu reli igongwe hadi saa sita Leokadia alikuwa wangu.

Alikuwa mtoto mnene, mwenye mashavu, aliyenyonya kwa bidii mpaka jasho likamtiririka kichwani. Sisi tuliona hilo jasho ni ushahidi wa bidii. Mama alijivunia sana. Katika kijiji chenye watoto wengi wembamba, yeye alikuwa na mmoja wa kuonyesha watu, ingawa alikuwa hamwonyeshi.

Nesi wa kliniki alikuwa dada mmoja kutoka Tanga, mpole, aliyevaa sweta mbili chini ya gauni lake jeupe na bado akawa anatetemeka. Siku ya kupima, mizani ilitundikwa kwenye boriti ya ofisi ya kijiji. Leokadia alikuwa na miezi kumi. Alipowekwa kwenye mizani wanawake waliguna kwa kumsifu, na mama akatazama chini kama mtu asiyesikia. Lakini nesi hakusifu. Alimshika vifundo vya mikono akavibonyeza, akapapasa utosi, akamsimamisha mapajani mwake. Miguu ya Leokadia ikakunjika. Nesi aliuliza kama mtoto huyu huwa anaota jua. Mama akajibu kwamba ananyonya vizuri. Nesi akauliza tena, mama akajibu vilevile. Ndipo nesi akasema polepole, "Mama, maziwa yako hayana kosa lolote. Kuna kitu kimoja tu ambacho hakimo humo, na hakimo kwa mama yeyote, hata mimi nikizaa leo. Kitu hicho mtoto anakipata juani. Asipokipata mifupa inakuwa laini, na akianza kusimama anapata matege."

Akatuagiza jua kila siku, ukungu ukishaondoka.

Njia nzima mama alirudia kwamba nesi amesema maziwa yake hayatoshi. Mimi nilikuwepo na nilisikia kwa masikio yangu kwamba hakusema hivyo, ila sikuthubutu kumsahihisha. Siku mbili alitwanga kwa nguvu kuliko ulezi ulivyohitaji. Siku ya tatu aliniita akanieleza alichokiamua, na nitakieleza kama alivyokieleza, maana nilikikubali chote.

Alisema nesi hakukosea kuhusu jua. Jua lina nguvu, kila mkulima anajua. Mbegu ya ulezi isipoanikwa inaoza, ikianikwa inashika uhai na kukaa nao ghalani miezi mingi. Jua linaingia ndani ya kitu na kubaki humo. Kwa hiyo hakuna haja ya kumpeleka mtoto juani palipo na upepo, jua lenyewe litaletwa ndani. Sisi tutaanika blanketi, likishashiba jua tutamfunika nalo. Naye mama mwenyewe ataota jua, ili liingie kwenye maziwa, na lile pengo alilolisema nesi litazibwa.

Kazi hiyo nilikabidhiwa mimi, na niliifanya kwa uaminifu ambao sijaufanyia kazi nyingine yoyote tangu siku hizo. Tulikuwa na blanketi moja la kijivu, la pili mama aliliomba kwa dada yake. Ukungu ukiondoka nililitandaza la kwanza kwenye jiwe kubwa nyuma ya nyumba, nikaligeuza upande huu na upande huu, nikiligusa kwa shavu. Likishapata moto nililikunja haraka, nikalikumbatia na kukimbia nalo ndani kabla jua halijamwagika. Nilimfunua Leokadia kwenye lile lililopoa, nikamfunika lenye moto, yeye akacheka kwa ule uvuguvugu, mimi nikarudi mbio na lile jingine. Mara sita, mara saba kwa asubuhi moja. Saa sita nikala ugali wa kiporo nikaenda shule, na huko nikalala juu ya dawati. Mwalimu alinipigisha magoti mara tatu kwa wiki moja. Alipouliza nafanya nini nyumbani kinachonichosha hivyo, nikamwambia nabeba jua, akaniongezea adhabu akidhani namtania.

Mama naye alikuwa na zamu yake. Wakati wa mapumziko wanawake wenzake walikaa kivulini wakinywa togwa, yeye alikaa peke yake juani, mikono ya blauzi ameipandisha hadi mabegani, uso ameuelekeza juu, macho amefumba. Wakamtania kwamba amejianika kama maharage, wakamuuliza atageuzwa saa ngapi. Alirudi nyumbani midomo imepasuka, akamnyonyesha Leokadia akiwa na sura ya mtu aliyemaliza kazi ngumu sawasawa.

Nilikuwa na miaka kumi tu, lakini niliona kwamba miguu hainyooki. Nilikuwa nikiipima kwa kijiti. Niliweka kijiti kati ya magoti yake, na kila baada ya siku kadhaa nikahitaji kirefu zaidi. Nilidhani kosa ni langu, kwamba nakimbia taratibu, kwamba jua linaponyoka pale mlangoni.

Kliniki ya baada ya miezi mitatu nesi alimvua Leokadia nguo, akaitazama miguu yake kwa muda mrefu. Ilikuwa imepinda kama mpini mbovu. Akamuuliza mama kama alifuata maelekezo.

"Kila siku, nesi," mama akasema. "Hatujakosa hata siku moja."

Ilikuwa kweli tupu. Alilisema kwa fahari ya mtu aliyechoka, na nesi alimwamini, kwa sababu yeyote angemwamini. Akakunja uso, akasema basi huu ni ugonjwa mwingine asioujua yeye, itabidi mtoto apelekwe hospitali mjini Sumbawanga, huko madaktari wataangalia mifupa na huenda wakalazimika kuinyoosha. Akavuta karatasi aandike barua. Mama alisikia neno kunyoosha mifupa, nikamwona anashika meza. Kwetu watu walisimulia kwamba huko huivunja kwanza.

Nilijua kwamba nikikaa kimya mdogo wangu atavunjwa miguu, na kwa sababu ya uvivu wangu wa kukimbia. Nikasema ili nikiri kosa, wala sikuwa na nia ya kumwumbua mama. "Nesi, labda jua linapoa njiani. Tunalianika blanketi, halafu nalipeleka ndani kwa mtoto."

Nesi akauliza, "Na mtoto mwenyewe?"

"Mtoto hatoki."

Mwanamke mmoja kwenye foleni akacheka. Wa pili akafuata, kisha wakacheka wote, kicheko kisicho na ubaya, cha watu waliosimama tangu asubuhi na wakapata kitu cha kuwachangamsha. Mmoja wa wale waliokuwa wakimtania shambani akasema ndiyo maana mwenzetu alikuwa anajianika. Mama hakugeuka. Nesi hakucheka. Aliweka kalamu chini, akatuingiza kwenye chumba cha nyuma, akafunga mlango na kumuuliza mama kwa nini.

Mama akaitazama miguu ya mtoto. Kisha akasema, "Nilishamtoa mmoja nje."

Nesi alichuchumaa mbele yake, akamfunga Leokadia vizuri, na alipozungumza sauti yake ilikuwa imeshuka. Alisema tutafute ukuta usiopigwa na upepo, tusubiri mpaka ukungu uishe kabisa, tuanze na miguu peke yake, muda mfupi, kisha tuongeze kidogokidogo, na mtoto akianza kupoa tumrudishe ndani bila kungoja. Akafungua kabati akatoa kichupa cha mafuta ya samaki, akasema kilichobaki ni hicho tu, matone machache kila siku. Barua ya mjini hakuiandika. Alisema tumpe jua miezi miwili kwanza.

Mama hakunisemesha njiani, hakunisemesha jioni. Nilitembea nyuma yake nikitazama visigino vyake, nikaamini ameacha kabisa kunipenda. Mambo ya namna hiyo mtoto huyaamini haraka.

Asubuhi reli iligongwa na mama hakwenda. Alisubiri ukungu uondoke. Kisha akatoka na Leokadia, akaketi upande wa mashariki wa nyumba, mgongo ameupa upepo, akaanza kumfunua. Mguu mmoja. Akangoja. Mguu wa pili. Leokadia alikunja uso kwa ule mwanga ambao hakuwahi kuuona, akapiga chafya, na mama akamfunika mara moja. Nilidhani yameishia hapo. Baada ya muda akamfunua tena. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye kona, sijui pa kwenda.

"Njoo ukae huku," akaniambia. "Uzibe upepo."

Nikakaa. Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu tangu kliniki, na niliufanya mgongo wangu kuwa mpana kadiri nilivyoweza.

Tulifanya hivyo kila asubuhi, mvua zilipokuja tukingoja mawingu yaachane. Mama alichelewa shambani kila siku, akasemwa kila siku, hakujitetea. Leokadia aliyachukia yale mafuta na kuyatema kwenye kanga, tukanuka samaki nyumba nzima. Barua ya mjini haikuhitajika tena. Miguu ilinyooka polepole, kama kitu kisichotaka. Alitembea alipokaribia miaka miwili. Goti la kushoto bado linatoka nje kidogo. Sasa ana duka la vitenge Milanzi, na akisimama sana mchana linamuuma, basi.

Nami nilizipenda asubuhi zile. Kwa mara ya kwanza mama alikuwa ameketi na hafanyi lolote. Hapepeti, hachambui, mkono wake umelala tu juu ya kifua cha mtoto, macho yanatazama mbali. Nilimwegemea nikasinzia. Miaka mingi nilikuwa nikisema kwamba jua la Leokadia ndilo lililompatia mama pumziko lake pekee, na watu waliposikia walifurahi.

Kisha nikazaa mwanangu wa kwanza, mjini Sumbawanga, mwezi wa sita. Kliniki wakasema nimtoe mtoto juani, nami nikatoka naye kwenye baraza, nikamfunua miguu, upepo ukapita. Mkono wangu ukaenda wenyewe juu ya kifua chake, ukakaa. Nikajikuta nahesabu pumzi. Inapanda, inashuka. Inapanda, inashuka. Nilifika arobaini kabla sijatambua kwamba mimi mwenyewe nimeacha kupumua.

Ndipo nilipojua mama alikuwa anafanya nini pale ukutani, mimi nikiwa nimelala begani kwake. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kulima, alikuwa anamtoa Ponsiano nje kwa mara nyingine.