Mkwe hataki kuingia mpaka nitoke, mimi siwezi kutoka mpaka aingie: yaliyonipata kwa kuabudu Ekaristi

Wakuu, wakubwa kwa wadogo, nawasalimu kutoka upande huu wa Rodi Kopany.

Mimi ni nyanya. Shule niliacha mapema, kwa hivyo mkiona herufi imekaa vibaya mrekebishe wenyewe mkiendelea kusoma. Lakini haya ni ya kweli, na Yule nilikuwa nimekaa mbele yake aliyaona yote.

Jina la parokia silitaji. Wenye mnakaa karibu mtajua.

Kwa wale si Wakatoliki, nieleze kidogo. Padre anachukua Hostia, ule mkate wa misa uliogeuka Mwili wa Yesu, anaiweka kwa monstransi, kile chombo cha dhahabu chenye miale kama jua, anakisimamisha juu ya altare. Watu wanakaa mbele yake kimya. Hiyo ndiyo kuabudu.

Sheria ni moja tu. Ikishawekwa pale, haiachwi peke yake. Mtu hatoki mpaka mwingine aingie.

Sasa padre wetu, Padre Anselmi, ni mtu wa ng'ambo. Kiswahili alijifunza darasani, kwa hivyo kinatushinda sisi. Jumapili moja akasema tuanze kuabudu kila Alhamisi, kutoka misa ya asubuhi mpaka jioni akirudi kutembelea wagonjwa. Akataka watu wa kujitolea, kila mtu saa yake.

Yawa! Mikono ilivyopanda ungedhani kunagawanywa mbolea ya serikali.

Mwalimu Oguta, mstaafu, alisimama, akakohoa, akasema, "Father, count me in." Philister mwenye duka la nguo alipiga kigelegele kabla hata ya kusikia ni siku gani. Wycliffe Omollo wa kinanda, yeye akaomba apewe saa mbili. Benta, Pamela, Peter Odero, Consolata mjane wa Nyangweso, wote mikono juu. Picha zikapigwa, zikawekwa kwa group ya WhatsApp na mikono ya maombi mingi chini yake.

Padre akasema neno moja la mwisho. "Nikimkuta Bwana ameachwa peke yake hata mara moja, nitamrudisha ndani ya tabernakulo na kufunga, na ibada ya Alhamisi itakuwa imekwisha."

Wote wakasema amina. Amina ni rahisi.

Mwalimu Oguta alikuja mara moja, halafu mgongo ukamkataa. Mgongo huohuo nimeuona kwa baraza la chifu umekaa tangu asubuhi mpaka soda zikaisha. Philister akasema Alhamisi ana wateja. Wycliffe alikuja na simu yake, moto ukaisha, akatafuta karibu na altare mahali pa kuchomeka chaja, akakosa, hatukumwona tena. Benta aliniambia kile kimya kinampandisha presha.

Na hawa ni watu wetu, wakuu! Mtu akifa tunakesha matangani wiki nzima na hakuna anayelalamika. Maiti haituoni, tunakaa. Yesu anatuona, tunachoka.

Tukabaki wachache. Katekista Barnaba asubuhi. Mimi na Consolata baada ya chakula cha mchana. Na baada yetu, Okeyo.

Hapo kwa Okeyo mkae vizuri.

Okeyo ni mkwe wangu, ora, ameoa binti yangu Adhiambo. Kwao ni Migori, lakini anauza spea za pikipiki hapa Rodi. Alijitolea kwa sababu alikuwa anatafuta uenyekiti wa kikundi cha wanaume. Hiyo hakuficha hata kwa mke wake.

Na kwetu Wajaluo, mama mkwe na ora wana heshima yao. Hawakai pamoja mahali wawili peke yao. Hawatazamani macho. Ora hali chakula mbele yako. Ukimwona njiani, mmoja anapisha. Padre hakujua haya. Yeye alipopanga zamu alifurahi tu, akasema, "Mama na mwanawe! Mtapokezana kwa upendo."

Mwanzoni haikuwa shida. Mimi nilikuwa natoka kwanza, Consolata anabaki, Okeyo anaingia, Consolata anaenda. Lakini Consolata akaitwa Kisegi kumwangalia dada yake mgonjwa, na huyo simlaumu.

Alhamisi hiyo nilikuwa peke yangu.

Niwaambie pia kwa nini hiyo saa naipenda. Kwangu kuna wajukuu, kuku, TV, na mke wa kijana wangu anayeniuliza chumvi iko wapi hata akiwa ameishika. Pale kanisani hakuna mtu ananiita. Mimi ndio naita. Naita watu wangu waliokufa, mmoja mmoja kwa jina, polepole, nikimwonyesha Yesu kila mmoja. Ni wengi. Saa moja inatosha tu nikianza mapema.

Siku hiyo nilimaliza. Na nilikuwa nimekunywa uji wa wimbi, vikombe vya kutosha. Wazee wenzangu mmeshaelewa. Choo kilikuwa kinaniita kwa sauti.

Nikaangalia dirishani. Okeyo huyo, amesimama nje, amegeukia ukuta kama mwizi amekamatwa.

Nikamnong'oneza, "Ora, ingia."

"Mama, toka kwanza."

"Nikitoka, Yesu anabaki na nani?"

"Si dakika moja tu?"

"Padre alisema hata mara moja. Ingia!"

"Mama, mimi siwezi. Tutakuwa wawili ndani."

"Wawili? Na huyu kwa altare ni kalenda?"

Akausogelea ukuta zaidi. Halafu akasema, "Mama, mila ni mila."

Wuololo! Mila! Huyu Okeyo, siku za mpira stima ikipotea kwake, anakuja kwa sebule yangu na kukaa kwa kiti cha marehemu mume wangu. Sahani ya omena juu ya goti, anakula mimi nikimwona, vichwa vya samaki anatoa mdomoni kwa kidole. Mila huwa imeenda wapi siku hizo? Imeenda kuangalia mpira pia?

Nikamwambia hayo yote kupitia dirisha. Kwa kunong'ona, kwa sababu ya Sakramenti, lakini alisikia.

"Hiyo ya mpira ni tofauti," akasema. "Huko watu huwa wengi."

Mara nikasikia pikipiki ya padre huko barabarani. Amerudi mapema.

Sasa fikiria. Nikitoka, anapata kanisa tupu na Alhamisi imekufa. Nikikaa, aibu inanipata hapohapo kwa benchi, mbele ya Bwana.

Nikavua leso mabegani nikajifunika kichwa chote mpaka kidevuni. Nikasema, "Sasa sikuoni. Jifunike na wewe, uingie!"

Okeyo akavuta jaketi lake juu ya kichwa, akaingia. Nilisikia tu. Aligonga benchi la kwanza, akagonga la pili, akapiga magoti nyuma yangu upande wa wanaume huku akipumua kama ng'ombe.

Na mlango ukafunguka. Padre Anselmi, na padre mwenzake mgeni kutoka Homa Bay.

Wakasimama. Nikasikia mgeni akisema polepole, "Ajabu." Wakapiga magoti palepale mlangoni.

Mimi ningeeleza nini? Ni mahali pa kimya, na choo hakingoji maelezo. Nikainuka na leso yangu kichwani, nikatoka kinyumenyume nikipapasa mabenchi, ili nisimgeukie ora. Nilipopita mlango nilikimbia mbio ambayo sijakimbia tangu nizae mtoto wa mwisho.

Jumapili iliyofuata padre akapanda kuhubiri.

"Ndugu wapendwa, nimeshuhudia imani. Mama mzee na mwanawe, wamefunika nyuso zao mbele ya utukufu wa Bwana, kama Musa mlimani. Na mama yule alipoondoka, hakumpa Bwana mgongo!"

Okeyo akasimama bila kuitwa. Akainamisha kichwa kwa unyenyekevu, akapigiwa makofi. Wiki hiyohiyo wakampa uenyekiti.

Na Alhamisi? Wakuu, kanisa lilijaa! Mwalimu Oguta mgongo umepona, amejifunika koti la Jumapili, na chini ya koti kunakoroma. Philister amekuja na mzigo wa leso nyeupe, anauzia watu mlangoni, ati leso za kuabudu. Benta presha imeshuka. Wanatoka wote kinyumenyume, Pamela akamkanyaga Peter Odero, karibu wapigane mbele ya Sakramenti. Wycliffe amerudi na kinanda, na spika, na extension ya kuvuta stima kutoka nyumba ya padre.

Nikaona hii nisibebe moyoni. Nikaenda kwa padre nikamwambia yote, leso, ora, uji, kila kitu.

Alikoroga chai. Halafu akasema, "Mama, kanisa limejaa. Tumwache Roho afanye kazi yake."

Nikamuuliza, "Roho gani, Padre? Ile ya kuogopa mama mkwe?"

Akanikaribisha mkate.

Alhamisi iliyopita nilienda mapema. Nikaanza na mume wangu Yuda. Nikaja kwa Owino, kifungua mimba wangu. Nikafika kwa binti yangu Atieno, aliyeenda na mtoto wake siku moja, na huyo huwa nakaa naye kidogo. Wycliffe akafungua spika. Nikarudia Atieno. Philister akainuka, akaanzisha wimbo, watu wakapiga makofi. Nikarudia tena, na jina lililotoka kinywani mwangu mwenyewe sikulisikia.

Nikaenda nyumbani na Atieno wangu katikati, sijamaliza.

Nilichojifunza ni hiki. Watu wetu hawakatai kukaa na Yesu. Wanakataa kukaa naye kama hakuna anayewaona. Mimi niliokoa Alhamisi ya parokia nzima, na saa yangu ndiyo ikapotea.

Haya, semeni. Wenye mtanitukana juu ya mila, karibuni, nimezoea. Wenye mtasema ningemwambia padre palepale mlangoni, kwanza mnywe uji wangu halafu mje tuongee.

Lakini kama uko Kisegi, au Migori, au hata mbali zaidi, na kwenu kuabudu kumewashinda, kanisa halina mtu na padre anataka kufunga, niandikie hapa chini. Jina la padre sitaki. Niambie tu ni siku gani hakuna mtu anakuja.