Mihogo Kwanza, Ngano Baadaye

Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, moteri bado haijawashwa. Martine amepiga magoti mbele ya mashini ya kusagia, kichwa kimezama ndani hadi masikio, anasugua chujio kwa mswaki wa meno. Nyuma yake, hapa Rwambuzi mjini Bunia, foleni imefika barabarani. Masasi, milio ya risasi, yanasikika kwa mbali, moja moja, kama mtu anayepasua kuni bila haraka.

"Mama Chance, hiyo mashini iko inaenda harusi?" anauliza Priscille, wa kwanza katika foleni. Amekalia gunia lake la ngano. "Siye pia tuko na batoto. Masasi ikifika hapa, tutakula usafi yako?"

Watu wanacheka kidogo, kisha wanatega masikio upande wa masasi.

Martine anaendelea kusugua. Ana miaka thelathini na minne, na huu ni mwaka wa pili anaendesha mashini ya muzee Katsuva. Ngano ya Priscille ikitangulia, vumbi lake litabaki ndani, na familia tano hazitakuwa na unga wiki nzima. Kila moja ina mtu mwenye seliaki, ugonjwa ambao ngano, hata chembe, huumiza utumbo mpaka mwili unashindwa kupokea chakula. Hauambukizi. Tiba yake ni kuacha kabisa ngano na ndugu zake kama shayiri.

Mmoja wao ni binti yake Chance, mwenye miaka tisa.

Vita vilipowatoa kwao Bule, walijificha porini wiki saba wakila viazi vitamu na mihogo ya mashamba yaliyoachwa. "Batu bote balikonda," anasema Martine. "Chance peke yake alinenepa. Tukafika kambini, tukapewa biskuti na uji ya ngano. Bengine banapata nguvu, yeye tumbo inavimba, miguu inakuwa fimbo. Mama mukwe akasema mutoto amelogwa, pori inamuita."

Muuguzi wa kambini, Agathe, ndiye aliyeuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza: huko porini mlikula nini? Damu ikapelekwa mbali kupimwa, vipimo vikafuatana, jibu likarudi. Ngano ikafukuzwa nyumbani.

Lakini Chance aliendelea kuharisha miezi minne. Wakati huo Martine alikuwa ameanza kazi hapa, na kila jioni alirudi na unga wa mihogo. Kwenye mashini hizi kila mtu huacha kidogo ndani na kuondoka na kidogo cha aliyemtangulia. Hakuna anayelalamika, ni kama salamu.

"Siku moja nakunguta kitenge yangu mulangoni, naona vumbi inaanguka kwa sahani yake," anasema. "Nikakaa chini. Nilifukuza ngano kwa mulango, kumbe miye ndiye naibeba mugongoni."

Akamwomba muzee Katsuva zamu ya kwanza ya kila Jumatatu. Kusafisha huchukua dakika arobaini. Kisha husaga viganja viwili vya mihogo mikavu vitoe vumbi la mwisho, na unga huo hupewa kuku. Agathe akawapasha habari wagonjwa wengine.

Masasi yanalia tena, karibu zaidi. Priscille anasimama na kuburuta gunia hadi mdomo wa mashini.

"Leo hakuna mugonjwa. Leo kuna vita."

Martine anajiweka katikati, mswaki bado mkononi. Foleni nzima inatazama.

"Mama Priscille, ukikimbia na ngano haijasagwa, utaichemsha hivyo hivyo, batoto batakula," anasema polepole. "Wangu akila hii, atakimbia na tumbo gani? Nipe dakika kumi na tano."

Priscille anatazama mabeseni matano ya mihogo ukutani, kila moja limefungwa kitambaa chake. Anarudi kukaa juu ya gunia.

"Kumi na tano. Nahesabu."

Chujio linarudishwa, moteri inanguruma, na sasa hakuna anayeweza kusikia kama masasi yanakaribia. Watu wanageuka kutazama barabara badala yake. Beseni la tano linapojaa unga, Priscille ananyoosha mikono kumsaidia kulitua.

"Mikono," anasema Martine.

Priscille anaitazama. Ina vumbi la gunia la ngano hadi kwenye viwiko. Anaificha mgongoni na kumpisha.

Saa mbili ngano yake imesagwa na risasi zimenyamaza. Martine anavua kitenge cha kazi na kukitundika msumarini. Anacho kingine cha kurudia nyumbani.

Ana mpango. Anaweka akiba anunue mashini ndogo ya mkono, yenye uzito wa kilo sita, ambayo haitaonja ngano hata siku moja. Mashini ya Katsuva ni nzuri, anasema, ila imefungwa kwenye sementi.

"Tukikimbia tena, Chance anajua kutembea," anasema. "Miye nitabeba mashini."