Mbwa Mwitu Asiyekukimbia

Nakumbuka Ijumaa moja, damu yangu ingali inachemka, nilipokuwa dereva wa familia fulani ya Al-Naseem, kule Riyadh. Bosi alikuwa na zizi la kondoo nje ya mji, nami nilimpeleka huko Mama Zainabu, mpishi wetu, mtu wa Mombasa, akawapikie wageni. Kwenye kiti cha nyuma alikaa rafiki yangu Mutua, mlinzi wa nyumba ya jirani. Alikuwa ametoroka kazini kwa ajili ya nyama, na kafili wake, yule tajiri aliyemleta Uarabuni, hakujua.

Mwanangu, juzi uliniuliza hapa Al-Mahjar, Jeddah, kama mbwa mwitu wa jangwani hula watu, maana umepata kazi ya kuchunga na usingizi umekuruka. Nakujibu bila kusita: ni nadra sana. Nimeendesha magari kati ya Riyadh na Jeddah mpaka mvi zikanijaa, na karibu kila mbwa mwitu niliyekutana naye nilimwona mkia tu. Akinusa binadamu, huyo! Anachotaka ni kondoo, wala si wewe na miguu yako myembamba.

Yule wa Ijumaa hakukimbia. Alikuja jua limeshapanda, akipepesuka, mate yakimchuruzika, akawapita kondoo utadhani hawaoni, akatujia sisi. Mutua alimsukuma kwa sepetu, naye akamng'ata mkononi. Nikarukia gari na kupiga honi mpaka mnyama akaenda zake.

Mutua alishusha mkono wa shati, akafunika kidonda. "Mafi mushkila, hakuna shida, bro, nimekwaruzwa tu," akaninong'oneza. "Kafili akijua nilitoka, mimi halas. Narudishwa Kenya."

Mama Zainabu alisikia, akaweka mwiko chini.

"Mutua mwanangu, mbwa mwitu mzima haji kwa watu mchana hivi. Yule ana kichaa cha mbwa, na kichaa hicho kikishakupanda kichwani hakuna daktari. Wewe wamwogopa kafili kuliko kaburi? Mficha maradhi, kifo humuumbua!"

Mutua alilia, mwanamume na ndevu zake, na mimi nikaogopa kweli. Mama alimwosha kwa sabuni na maji ya mfereji, muda mrefu, huku akimgombeza. Kisha akachukua simu, yeye mwenyewe akampigia madam wa Mutua, mke wa kafili. Kelele za yule madam tulizisikia sote, lakini mwisho wake alisema, "Yalla, hospitali!" Nikakanyaga mafuta. Mutua alidungwa sindano siku ile ile, akarudi tena na tena mpaka zikaisha.

Mkataba ulipokwisha, kafili hakumwongezea. Mutua alirudi Kitui. Wiki iliyopita alinipigia simu akilalamika kwamba mvua zimechelewa, na wajukuu wanamvuta masikio.

Basi lala, mwanangu. Mbwa mwitu anayekukimbia usimpotezee usingizi. Anayekujia bila woga, mpishe njia. Na jino likikugusa, hata liwe limechubua tu, osha, sema, nenda hospitali siku hiyo hiyo, kafili akasirike akitaka. Kazi hupatikana nyingine. Mungu akulindie kondoo wako na mikono yako, akuzeeshe mpaka wajukuu wakuvute masikio.