Dirisha la Darasa la Papa Bashige

Enzi zetu pale Kadutu, mtaa wa mlimani juu ya ziwa, Kiingereza tulijifunza kwa mikono na miguu. Mwalimu wetu, Papa Bashige, alikuwa na kitabu kimoja tu, nacho kilishatoka jalada, kwa hiyo kila kitenzi tulikifanya. Ukisema unafungua dirisha, ulifungue kweli, upepo wa ziwa uingie. Ukisema hivyo huku umekaa, darasa zima lilikuzomea: "Muongo! Iko nakaa tu!"

Kilichotusumbua ni kutofautisha jambo la sasa hivi na la kila siku. Papa Bashige akatueleza kwa Kiswahili chetu cha nyumbani: "Nyinyi wenyewe munasemaka: mama anauzishaka samaki. Ile njo ya kila siku. Halafu: mama iko nauzisha samaki. Njo ya sasa. Waingereza nao wanafanyaka vile vile. Munaogopa nini?" Tukacheka, tukaelewa: "-ka" ni ya kila siku, "iko" ni ya sasa.

Tatizo ni kwamba, kwa sheria ya shule, Kiswahili kilikuwa marufuku darasani. Aliyekitamka alivishwa kibao shingoni, akatembea nacho mpaka amnase mwingine akikisema; chetu Papa Bashige alikiacha mezani tu. Habari zikafika juu, na asubuhi moja akaingia inspekta. Sote tulijua: akithibitisha kwamba tunafundishwa kwa Kiswahili, Papa Bashige atahamishiwa Shabunda, ndani ya msitu, na mkewe alikuwa akitibiwa Ibanda, papa hapa mjini.

Inspekta akauliza, kwa Kifaransa kizito, nani ataeleza kwa Kiingereza tofauti ile ya sasa hivi na kila siku. Tulichokuwa nacho kichwani kilikuwa Kiswahili kitupu. Papa Bashige alikuwa akipangusa ubao ambao tayari ulikuwa safi.

Dada yangu Nsimire, tuliyekaa naye dawati moja, akainuka bila ruhusa. Akafungua dirisha huku akisema kwa Kiingereza kwamba analifungua. Akasema mama yake huuza samaki. Kisha akanyoosha kidole chini sokoni na kusema, bado kwa Kiingereza, kwamba mama anauza samaki sasa hivi. Na kweli, mama yetu alikuwa pale na kitambaa chake cha njano, ameinamia beseni la sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani.

"Bana ba sambaza!" wavulana wa nyuma wakanong'ona, wakitutania kuwa watoto wa sambaza.

Inspekta akatoa kichwa dirishani. Mteja mmoja alikuwa akichagua samaki wakubwa tu. Mama akampiga kofi mkononi. Inspekta akaangua kicheko: "Ah! Ile maman iko mukali!"

Alikuwa amesema Kiswahili, tena chetu cha nyumbani. Macho yote yakaenda kwenye kibao kilichokuwa mezani. Naye akakiona. Akakichukua polepole, akajivika mwenyewe shingoni, akatutazama. Hapo ndipo Papa Bashige alipocheka, machozi yakimtoka. Hakuhamishwa.

Watoto wa leo simu huwajibia Kiingereza chote, nao wamelala kitandani. Sijui wanamzomea nani. Mimi nimezurura Kigali, Kampala, hadi Lusaka, na kote Kiingereza cha dirishani kimenilisha. Nikiulizwa kazi ya mama yangu, ulimi bado unajibu kwa ile ya kila siku: huuza samaki. Ni miaka sasa tangu tumzike.

Niliporudi juzi, shule zikiwa likizoni, nilipanda hadi darasani. Nyumba mpya zimeziba soko lote. Nikaketi kwenye dawati letu, nikasema kwa sauti, bila kuinuka, kwa Kiingereza, kwamba ninafungua dirisha. Nikasubiri. Hakuna aliyenizomea.